Miezi Miwili ya Orvo 4 Plus

Ijumaa, 6 Oktoba 2017. Kensington

Orvo 4 Plus itaanza kuuzwa Jumatatu. Amesema hivyo Glody Kasongo, mwenye duka la simu kwenye barabara kuu hapa Kensington, leo saa tano asubuhi, huku akifungua maboksi aliyokatazwa kuyafungua kabla ya Jumatatu.

Orvo 4 ya zamani haihitaji maelezo. Tangu 2015 karibu kila mtu anayezungumza Kiswahili katika jiji hili la kusini mwa Afrika ninayemwona na simu anayo hiyo, awe Mkongo, Mtanzania au Mrundi. Inabeba laini mbili. Redio yake inashika bila kuchomeka waya wa masikioni. Spika yake inasikika hadi nje ya saluni, na kwa watu wanaoongea na nyumbani huku mikono ikisuka au ikishona, hilo ni jambo kubwa.

Mhariri wangu wa Dar es Salaam, Bwana Vuai, anataka maneno mia nane ifikapo tarehe 20.

"Wasomaji wana swali moja tu, Mayasa. Wabadilishe au wasibadilishe?"

Jumatatu, 9 Oktoba

Glody ameniazima Plus moja. Kamera ni bora, hasa ndani ya nyumba. Spika sasa ni mbili, lakini zimehamishiwa chini, mahali ambapo kiganja kinaziziba. Redio inataka waya. Laini ya pili na memori kadi zinagombea tundu moja, kwa hiyo lazima uchague.

"Maman, hiyo ndiyo progrès, maendeleo," amesema Glody.

Foleni dukani ilikuwa ya watu kumi na tisa. Anayeleta Orvo 4 ya zamani anapewa kava na kioo cha kinga bure.

Jumanne, 10 Oktoba

Mvua ya mawe saa kumi alasiri. Bati lilipiga kelele, sikuweza kupima spika.

Alhamisi, 12 Oktoba

Jirani yangu wa uani, Hénock Bisimwa, amebisha mlango saa mbili asubuhi. Ni mtu wa Uvira, mlinzi wa geti kwenye ghala la majokofu huko Jeppestown. Saa hiyo alipaswa kuwa kazini.

"Mama Mayasa, banisimamisha."

Haya ndiyo niliyoyapata baada ya kumtaka aanze upya mara mbili. Tarehe 27 Septemba lori lilitoka ghalani na majokofu ishirini bila karatasi. Kampuni inasema Hénock alifungua geti bila kukagua, au alifungua kwa kuwa naye yumo. Yeye anasema aliamriwa na msimamizi wake. Ushahidi anao: kila gari linalotoka hulipiga video, namba ya gari na uso wa aliyetoa amri. Alianza tabia hiyo mwaka jana, mwenzake alipofukuzwa kwa kosa la namna hiyo.

Jumatatu wiki hii alibadilisha simu. Jumatano akasimamishwa kazi. Angesimamishwa kwanza, tusingekuwa na la kuzungumza.

"Ile video iko mule ndani ya kadi, Mama. Lakini hii telefone mupya inakatala kuisoma."

Akanionyesha. Kioo kiliandika: Kadi imeharibika. Isafishwe? Chini yake vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Cha Ndiyo kilikuwa kikubwa zaidi.

"Umebonyeza?"

"Hapana! Thérèse njo alitaka kufinya. Nilimukamata mukono."

Thérèse, mkewe, alikuwa nyuma yake mlangoni. "Telefone inauliza swali, mutu anajibu," alisema. "Nilijuaje kama ni mutego?"

Akifukuzwa kwa wizi hakuna kampuni ya ulinzi itakayomchukua tena, na kwa karatasi za ukimbizi alizonazo hakuna kazi nyingine atakayoandikishwa. Kikao cha nidhamu ni Alhamisi, tarehe 2 Novemba. Nimemwambia atoe kadi kwenye simu, aifunge ndani ya karatasi, asimpe mtu yeyote.

Ijumaa, 13 Oktoba

Kwa Glody, pamoja na Hénock. Nilikuwa na maswali matatu.

La kwanza: kwa nini kadi haisomeki? Alijibu bila aibu. Orvo 4 ilikuja na kumbukumbu ndogo, kwa hiyo kila aliyeinunua kwake alimwekea kadi na kuiamuru simu iihesabu kama kumbukumbu yake yenyewe. Kadi ikishafungwa hivyo inaisikiliza simu ile moja tu. Ukiipeleka kwingine, inaonekana mbovu.

"Uliwaambia wateja?"

"Maman, nani aliuliza? Walitaka nafasi ya picha, nikawapa nafasi. Ilikuwa bure, ni service."

La pili: wangapi wamekuja na kadi mbovu tangu Jumatatu? Alinyoosha vidole vyote kumi, akavikunja, akavinyoosha tena. Wote aliwaambia wabonyeze Ndiyo.

La tatu: simu za zamani ziko wapi? Zimekwenda Hillbrow jana, zimo ndani ya katoni, kwa fundi anayezibomoa kuchukua vipuri.

"Mlizifuta kwanza?"

"Ah. Sikupata muda."

Hénock alishusha pumzi. Simu ikishaflashiwa, yaani ikifutwa yote na kuwekewa programu upya, kadi haitafunguka tena kwa namna yoyote. Ni mara yangu ya kwanza kufurahi kwamba mtu hakufanya kazi yake.

Lakini simu zote zile ni nyeusi na zinafanana. Ya Hénock tutaitambua kwa namba yake ya kiwandani, ambayo imeandikwa kwenye mkataba wa kuilipia kila mwezi. Na mkataba hauna jina la Hénock.

Jumamosi, 14 Oktoba. Jeppestown

Maduka hayatoi simu ya mkataba kwa mwenye karatasi za ukimbizi. Watu wetu wana njia yao: wanaandikisha kwa jina la mwenye kibali cha kudumu. Hénock na wengine watano wametumia jina la Mwanaharusi Shekue, mwanamke wa Tanga mwenye duka la khanga na vitenge karibu na karakana za Jeppestown. Pamoja na laini yake mwenyewe, jina lake liko kwenye mikataba saba. Ni kinyume cha kanuni, na mtaa mzima unajua. Kwenye daftari langu nilikuwa nimeandika zamani: Mwanaharusi, muuza jina.

"Karibu mwandishi. Kalamu umeiacha nyumbani?"

"Ninayo."

"Basi simama nayo hapo hapo mlangoni."

Nilimweleza shida. Alinisikiliza huku akikunja khanga, pembe juu ya pembe. Kisha nikaomba anipe mkataba.

"Karatasi hiyo ina jina la Hénock?"

"Haina."

"Ina langu. Ikitoka humu ndani, atakayeitwa kuulizwa ni Hénock? Ni miye. Miaka kumi na saba niko nchi hii sijaitwa ofisi yoyote. Hénock namhurumia, wallahi. Lakini karatasi haitoki."

"Hata kwa dakika tano?"

"Hata ukipiga magoti. Na usipige, sakafu nimeifuta sasa hivi."

Hénock alikuwa ananisubiri nje. Ngurumo zilianza tulipofika kwenye robot, taa za barabarani, na ilipowaka kijani tulikuwa tumeshalowa.

Jumatatu, 16 Oktoba

Mvua saa kumi. Vuai ameuliza makala iko wapi. Nimemjibu kwamba inaandikwa. Haiandikwi.

Jumanne, 17 Oktoba. Hillbrow

Fundi anaitwa Célestine, mtu wa Lubumbashi, ana meza chini ya ngazi za jengo la ghorofa kumi na nne. Katoni ya Glody ilimwagwa pamoja na za maduka mengine ndani ya beseni la kufulia. Orvo 4 mia moja na arobaini. Betri zote zimetolewa na kurundikwa kando, kwa hiyo huwezi kuwasha moja ukaangalia picha ya nani iko juu yake.

"Ya kwangu iko na mukwaruzo hapa pembeni," alisema Hénock.

Célestine alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Papa, zote ziko na mukwaruzo pembeni. Wakongo munaangusha telefone kama vile munapanda mbegu!"

"Na weye ni Mukongo."

"Ndiyo njo najua."

Anaflashi kumi kwa siku. Nilimweleza kilichomo kwenye kadi. Alimtazama Hénock, akamtazama tena.

"Wiki moja. Mpaka Jumanne sitagusa hata moja. Lakini leta namba, Maman journaliste. Nami ninakula kwa hizi."

Ijumaa, 20 Oktoba

Nimetuma maneno mia nane na kumi. Aya ya nne inaeleza habari ya kadi: usiitoe simu ya zamani kabla ya kunakili vilivyomo, usibonyeze Ndiyo. Ndiyo aya pekee yenye faida kwa msomaji.

Jumamosi, 21 Oktoba

Nilitaka kujua Mwanaharusi anawatoza nini watu kwa jina lake. Nimemuuliza Hénock.

"Hakuna."

"Hakuna kiasi gani?"

"Mama, hakuna ni hakuna. Hata andazi hakuniomba. Alisema tu: lipa kila mwezi kwa wakati, usinitie aibu."

Nimewauliza wengine watatu, kila mmoja peke yake. Jibu ni hilo hilo. Mmoja alisema Mwanaharusi alikwenda naye dukani siku ambayo mama huyo alikuwa na homa. Nimelikata neno "muuza" kwenye daftari. Lilikaa humo miaka miwili na sikuwahi kumuuliza mtu hata mmoja.

Jumatatu, 23 Oktoba

Makala imetoka. Aya ya nne haimo.

"Nafasi, dada yangu," amesema Vuai kwenye simu. "Ukurasa ulijaa."

Nimeuona ukurasa. Nusu yake ni tangazo la Orvo 4 Plus.

"Kuna watu watabonyeza, Vuai."

"Watu wanabonyeza kila siku. Ni simu tu, Mayasa."

Nimemkatia. Sijawahi kumkatia mhariri. Kisha nimekwenda kwa Mwanaharusi na daftari na kumwonyesha mstari niliouandika na mstari niliopitisha juu yake.

Aliusoma polepole. "Kwa hiyo nilikuwa muuza jina."

"Niliandika bila kuuliza."

"Na leo umekuja unitake radhi, au unitake karatasi?"

"Vyote viwili."

"Angalau husemi uongo." Aliingia nyuma ya pazia, akakaa muda mrefu, akarudi na faili lililofungwa kwa utepe wa kitenge. Hakunipa. Alivaa miwani. "Karatasi nimesema haitoki. Andika namba."

Akanisomea tarakimu kumi na tano, mara mbili, nami nikamsomea tena. Ilichukua chini ya dakika moja. Jumamosi ile ya kwanza nilipaswa kumuomba namba tu, nikaomba karatasi. Miaka ishirini na mbili ya kazi hii, na kosa la mwanafunzi. Limetugharimu siku tisa.

Jumanne, 24 Oktoba. Hillbrow

Namba imeandikwa ndani, mahali pa betri, kwa herufi ndogo kuliko punje za mchele. Célestine alisoma kwa lenzi, mimi kwa miwani, Hénock kwa macho yake. Tulianza saa tatu. Saa sita na dakika kumi Célestine alisema, "Hii hapa." Ilikuwa ya themanini na nane.

Kioo hakuna. Alikuwa amekiuza wiki iliyopita kabla hatujafika. Alichomoa kioo cha nyingine, akakibandika, akatafuta betri. Simu ikawaka. Hénock alichora alama yake ya kufungulia, vidole vikateleza, akakosea. Akakosea tena.

"Papa, pumua," alisema Célestine. "Si bomu."

Mara ya tatu ikafunguka. Tukaingiza kadi. Haikuuliza swali lolote.

Video ina sekunde arobaini na moja. Lori jeupe, namba inasomeka. Msimamizi anaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu, anapunga mkono, anasema: "Vula, Henok, vula! Sharp." Vula kwa Kizulu ni fungua; sharp, kwa watu wa huku, ni sawa. Sauti ya Hénock inauliza karatasi iko wapi. Msimamizi anasema itakuja baadaye. Geti linafunguka.

Hénock aliketi juu ya katoni tupu, katoni ikabonyea, akabaki ameketi hivyo hivyo. Tumenakili video mahali patatu. Simu yenyewe Célestine ameitoa bure, na kioo juu yake, akakataa shukrani: "Toka, munanizibia wateja."

Alhamisi, 2 Novemba

Mwenyekiti wa kikao hakutokea. Kimeahirishwa hadi tarehe 23. Mvua saa kumi.

Ijumaa, 10 Novemba

Glody amebandika tangazo mlangoni kwake kwa mkono, kuhusu kadi. Sikumwambia. Mteja mmoja alimfokea kwa sababu ya video ya mazishi ya mama yake iliyopotea, akalia mbele ya foleni. Tangazo lina makosa matatu na linaeleweka. Aya yangu iliyokatwa sasa inasomwa hapo.

Jumanne, 14 Novemba

Hénock anapaka rangi ukuta wa uani ambao hakuna aliyeomba upakwe.

Alhamisi, 23 Novemba

Mimi sikuruhusiwa kuingia. Nilikaa kwenye benchi la nje saa mbili na robo. Ninayoandika nimeyapata kwa Hénock, na kwa mwakilishi wake wa chama cha walinzi. Wamekubaliana katika yote.

Video ilionyeshwa mara mbili. Msimamizi hakukana kwamba ni yeye. Ndipo mwanasheria wa kampuni akauliza simu ni ya nani. Hénock akasema ni yake. Mwanasheria tayari alikuwa na karatasi: simu hii imeandikishwa kwa mtu anayeitwa Mwanaharusi Shekue. Ni nani? Simu yake ilifikaje getini? Nani anajua video hii ilipigwa na nani, lini?

Hénock alijibu, "Ni mama wa kwetu." Mwanasheria akauliza kama ni mama yake mzazi. Hénock akasema hapana. Mwanasheria akaandika kitu.

Mwenyekiti ameamua: mwenye simu aje mwenyewe na tamko la kiapo, la sivyo video haitahesabiwa. Alhamisi, tarehe 7 Desemba.

Majokofu ishirini yametoka, uso wa aliyeyatoa umeonekana, na sasa kesi ni kuhusu risiti ya simu.

Ijumaa, 24 Novemba

Nimemweleza Mwanaharusi. Alikuwa anapima kitenge kwa mkono, hakuacha kupima.

"Nilijua," alisema. "Namba ikishatoka, mtu hufuata."

Nilimpigia wakili ninayemfahamu. Mwanaharusi anaweza kuulizwa kuhusu laini nyingine? "Anaweza." Ataulizwa? "Sijui." Kibali chake kinaweza kuguswa? "Sitegemei. Lakini usimwambie nimesema haiwezekani." Nimempelekea Mwanaharusi maneno hayo kama yalivyo.

Jumanne, 28 Novemba

Mwanaharusi amesema haendi.

Jumatano, 29 Novemba

Thérèse alitaka kwenda kumlilia. Nimemzuia. Baadaye nimejiuliza kama nilikuwa na haki ya kumzuia. Mvua saa kumi, mpaka saa moja.

Jumapili, 3 Desemba. Jeppestown

Mwanaharusi amewaita wote sita dukani baada ya adhuhuri, akaniita na mimi. Chai ilikuwepo, lakini hakuna aliyeketi vizuri.

"Nitakwenda Alhamisi," alisema. "Kwa hiyo ninyi watano, ukiacha Hénock, kila mtu atafute jina jingine kabla ya Jumatano. Mkataba wa Hénock ubaki, ndio anaotetewa nao."

Bwana mmoja wa Bujumbura, dereva, aliinuka. "Kwa ajili ya mutu mumoja unatutupa batu batano?"

"Nakutupa? Nilikubeba miaka minne, mgongo hauniumi? Kaa unywe chai."

"Sinywi."

"Basi mpe mwenzio kikombe, sukari imeshaingia."

Dereva alitoka na hakufunga mlango. Wanne waliobaki walikubali, wawili kati yao bila kumtazama Hénock. Nilimuuliza Mwanaharusi mbele ya wote ni nini kimembadilisha nia. Alinijibu kama mtu anayeulizwa saa.

"Nimekaa siku tatu nikifikiri kama nitaweza kupita mbele ya geti la lile ghala. Nalipita kila siku kwenda kuchukua mzigo. Ndiyo hivyo."

Jumanne, 5 Desemba

Kituo cha polisi, kwa ajili ya kiapo. Mwanaharusi alivaa baibui jipya na kushika faili kwa mikono miwili. Tamko lina mistari sita: simu niliiandikisha mimi, anayeitumia tangu siku ya kwanza ni Hénock Bisimwa. Koplo alimwapisha, akagonga muhuri bila kusoma, akarudisha. Dakika mbili.

Kisha akaitazama Plus iliyokuwa mkononi mwa Hénock. "Hii mpya, ina redio?"

"Mpaka uchomeke waya," alisema Hénock.

"Eish," alisema koplo, na akaonekana amesikitika kweli.

Nje, Mwanaharusi alisimama ukutani akicheka bila sauti mpaka akashika ubavu. Halafu akakaza utepe wa faili. Koplo hakusoma. Alhamisi watasoma.

Jumatano, 6 Desemba

Laini nne zimehama. Ya dereva haijahama, na simu yake haipokelewi. Kwa hiyo kwenye jina la Mwanaharusi zimebaki tatu: yake, ya Hénock, na moja ambayo hawezi kuieleza bila kumtaja mtu.

Nimemuuliza atajibu nini akiulizwa.

"Nitasema ni ya mtu aliyenikasirikia. Si uongo."

Vuai amesikia habari hii kwa mtu mwingine na anaitaka, pamoja na majina, kwa toleo la Jumamosi. Ameniahidi ukurasa mzima bila tangazo. Nimemwambia majina hayatoki. Ameniambia bila majina si habari. Tumeishia hapo.

Mwanaharusi aliponisindikiza mlangoni aliuliza kesho nitakaa wapi. Nikamwambia benchi la nje, kwa kuwa ndani hawaniruhusu.

"Kaa. Lakini uandike nikitoka, usiandike nikiingia."

Kikao ni kesho, Alhamisi tarehe 7, saa nne asubuhi, ghorofa ya pili. Tunaondoka dukani kwake saa mbili na nusu.